Kilomita za Nani?

Mapema mwaka 2019 binamu yangu alikuja kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameichukua kwenye yadi moja ya magari ya mitumba hapa Nairobi. Juu palikuwa na picha ya Nissan Leaf iliyosajiliwa Japani mwaka 2012. Chini ya picha maneno yalikuwa machache: gari la stima, halinywi mafuta, kilomita 200 kwa chaji moja.

"Wewe si ni mwandishi?" akaniuliza. "Hebu niangalizie kama hii namba ni ya ukweli."

Alitaka kufanya biashara ya teksi. Anaishi Limuru, wateja wako mjini, na hesabu zake zilimwambia kwamba akipiga kilomita 120 kwa siku ataweza kulipa mkopo na bado nyumbani watu wale. Nikashika simu nikatafuta. Haikuchukua dakika kumi. Kampuni yenyewe, ilipozindua gari hilo Japani Desemba 2010, ilitangaza kilomita 200. Nikamwambia namba ni ya ukweli. Wiki mbili baadaye akachukua mkopo kwenye chama chake cha akiba.

Sikumdanganya. Hilo ndilo lililonisumbua baadaye, na ndilo lililonifanya nianze kusoma historia ya namba hii ambayo watu huitaja kana kwamba gari lilizaliwa nayo.

Julai ya mwaka huohuo nilikuwa ndani ya gari hilo, jioni, tukipanda kwenda kwake kwa chakula. Mvua ndogo, ukungu, taa zimewashwa, kipangusa kioo kinakwenda na kurudi. Tukiwa Westlands dashibodi ilisema tumebakisha kilomita 41. Limuru kutoka hapo ni chini ya 30. Tulipita Uthiru, tukapita Kinoo, na kila kilomita moja tuliyokwenda, dashibodi ilitoa mbili. Karibu na Muguga ikawaka taa ndogo yenye picha ya kobe. Ndiyo alama ambayo wahandisi wa Leaf waliichagua kumwambia dereva kwamba betri imekwisha na nguvu inapunguzwa. Kobe wa hadithi zetu huchelewa lakini hufika. Huyu hakufika. Tulisukuma gari hadi mbele ya duka moja, mlinzi akaturuhusu kuchomeka waya, na tukakaa pale zaidi ya saa mbili tukila njugu. Binamu hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu.

Ugomvi kuhusu umbali wa gari la umeme haukuanza na Leaf. Mjini Detroit, kuanzia mwaka 1907, kampuni ya Anderson iliyokuwa ikitengeneza magari ya kukokotwa na farasi iliunda magari ya betri yaliyojulikana kama Detroit Electric. Yalipendwa sana na wanawake wenye uwezo, maana hayakuhitaji kuwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma. Clara Ford, mke wa Henry Ford aliyejaza dunia magari ya petroli, mwenyewe aliendesha Detroit Electric. Gari hilo lilikwenda kama kilomita 32 kwa saa, na lilitangazwa kuwa la kutegemewa kwa kilomita zipatazo 130. Lakini katika jaribio moja lilikwenda kilomita 340 bila kuchajiwa. Tazama pengo hilo. Gari lilelile, ya kila siku ni 130, ya kujivunia ni 340. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita mnunuzi alikuwa tayari anapaswa kuuliza: katika namba hizi mbili, ipi ni yangu?

Petroli ilipotawala, swali hilo likasahaulika. Gari likiishiwa mafuta, kituo cha kujaza kiko kona inayofuata. Kilichosumbua serikali kikawa moshi. Huko Los Angeles hewa ilichafuka hata watu wakawashwa macho, na wataalamu wakaunda safari ya mfano iliyotokana na njia za watu wa mji huo wakienda kazini. Gari liliwekwa juu ya rola ndani ya jengo, likaendeshwa kufuata safari hiyo, na moshi wake ukapimwa. Kipimo hicho kikawa cha kisheria Marekani kwa magari ya mwaka 1972. Ulaya nayo ikawa na safari yake ya mfano, Japani ikawa na yake. Magari ya umeme yaliporudi, wakubwa walichukua vipimo hivyohivyo vya moshi wakavipa kazi mpya ya kutabiri gari lisilo na moshi litafika wapi.

Sasa tazama kilichotokea kwa Leaf ya kwanza, yenye betri ya uniti 24 za stima, yaani kilowati-saa 24. Japani iliandikiwa kilomita 200. Ulaya iliandikiwa 175. Marekani kampuni ilikuwa ikizungumzia maili 100, kama kilomita 160, kwa kufuata ile safari ya Los Angeles. Kisha shirika la serikali linalosimamia mazingira likaja na kibandiko chake cha kwenye kioo: maili 73, yaani kilomita 117.

Nilipoziona namba hizo nne pamoja nilitafuta aliyedanganya. Sikumpata. Safari ya mfano ya Japani ilikuwa na wastani wa kilomita 24 na kidogo kwa saa, na mahali pa kasi zaidi haikuzidi 82. Hiyo ni Tokyo ya foleni na taa za barabarani, na gari la umeme hupenda mwendo huo kwa sababu upepo haulipingi sana na kila breki hurudisha umeme kidogo kwenye betri. Ya Ulaya ilikuwa na wastani wa kama 34, ikifika 120 kwa muda mfupi, kipoza hewa kikiwa kimezimwa. Wamarekani nao walipima, kisha kwa kawaida wakakata asilimia 30 ya matokeo, wakijua kwamba dereva halisi ana haraka, ana joto, ana baridi, na barabara yake si rola. Mwaka 2017 Ulaya ilianza kuachana na kipimo chake cha zamani ikaleta kingine chenye kasi zaidi na kirefu zaidi. Hilo lenyewe ni kukiri.

Katika safari zote hizo za mfano hakuna mlima hata mmoja. Hakuna aliyeandika uongo. Ila kila namba ilikuwa na barabara yake, na muuzaji wetu aling'oa ya Tokyo akaipanda Limuru.

Tena hata ya Tokyo ilikuwa ya betri mpya. Wenye Leaf wa jimbo la Arizona ndio waliofundisha dunia somo hili. Leaf ya kwanza haikuwa na mfumo wa kupoza betri, na mji wa Phoenix hupita nyuzi 40 wakati wa kiangazi. Kando ya kipimo cha chaji kuna mistari midogo 12 inayoonyesha afya ya betri. Wa kwanza hupotea betri ikiwa imepungua kama asilimia 15, na kila unaofuata ni kama asilimia 6. Kufikia mwaka 2012 watu wenye magari ambayo hayajatimiza miaka miwili walikuwa wamepoteza mistari kadhaa. Hawakuishia kulalamika. Walikusanya magari 12, wakayaendesha kwa mwendo uleule hadi nguvu ziishe, wakaandika. Mwaka uliofuata kampuni ikaleta dhamana mpya Marekani: betri ikishuka chini ya mistari 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, itashughulikiwa.

Dhamana hiyo haikuvuka bahari pamoja na magari ya mitumba. Usiku ule wa Muguga, tochi ya simu mkononi, nilihesabu mistari ya gari la binamu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa 9. Tayari zaidi ya robo ya betri ilikuwa imebaki Japani. Maandishi ya skrini yenyewe yalikuwa ya Kijapani, lakini mistari haihitaji mkalimani. Ningeweza kuihesabu kabla ya mkopo.

Basi tukafanya hesabu upya. Ukichukua ile 117 ya Wamarekani na kutoa kilichopotea, unabaki na kama 85. Halafu mlima. Limuru iko juu ya katikati ya Nairobi kwa mita zipatazo 500. Kuinua gari la tani moja na nusu pamoja na watu wawili kiasi hicho hula uniti mbili na ushee, kabla hujahesabu umbali wenyewe. Kwa betri iliyochoka kama ile, hiyo ni karibu sehemu moja ya sita. Lakini ukishuka si unarudishiwa? Unarudishiwa kiasi, ila binamu alikuwa akichaji hadi mwisho usiku, kisha asubuhi anateremka na betri iliyojaa. Betri iliyojaa haina pa kuweka zawadi ya mteremko. Asubuhi anaitupa, jioni anaililia.

Na ile 41 ya Westlands? Dashibodi hukadiria kwa kutazama ulivyokwenda muda mfupi uliopita. Mchana kutwa alikuwa amejikokota kwenye foleni za mjini, mwendo wa Tokyo kabisa. Gari lilidhani jioni itakuwa kama mchana.

Hapo nilikumbuka neno moja la zamani. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kwenda bara, hawakuuliza ni maili ngapi. Umbali ulikuwa mwendo wa siku mbili, mwendo wa siku tatu, na jibu lilitegemea mzigo, jua, na maji. Palipokuwa na sehemu ndefu isiyo na maji walipika na kula mapema, wakabeba maji, wakaondoka mchana, wakalala njiani pakavu, asubuhi wakafikia kisima. Mwendo wa namna hiyo waliuita telekeza, na wasafiri wa Kizungu waliliandika neno hilo katika vitabu vyao, mara nyingi kama terekeza. Leo kutelekeza kwetu ni kumwacha mtu njiani. Lakini neno lililonigusa zaidi ni lile jingine, mwendo. Kwa Kiswahili mwendo ni umbali, na mwendo ni namna unavyokwenda. Kiwandani vitu hivyo viwili vilitenganishwa ili namba moja iweze kuchapwa. Barabarani hukutana tena, na mara nyingi usiku, na mvua ikinyesha.

Binamu alinunua daftari la mraba mraba. Kwa wiki tatu aliandika kila safari: ameanza na vipimo vingapi vya chaji, amemaliza na vingapi, kilomita, abiria, mvua au jua, kupanda au kushuka. Akaacha kujaza betri usiku, akawa anaishia asilimia 80. Mchana akatafuta mahali mjini pa kuchomeka gari wakati anakula. Mwisho akapata namba yake: 70, akifika nyumbani bado ana akiba. Mkopo uliopangwa kwa miaka miwili ulilipwa kwa mitatu. Mwaka mmoja wa ziada wa mtu mwenye watoto watatu si kitu cha kuandika kwa mstari mmoja, lakini yeye mwenyewe hupenda niishie hapo.

Aliuza gari hilo mwaka 2022. Nilimsaidia kuandika tangazo. Nilitaka kuandika uniti za betri, mwaka, rangi, nikaacha mambo ya kilomita yajitafutie. Alichukua kalamu akaongeza mwenyewe: "Mistari 8. Kilomita 60, Limuru na Nairobi, watu wawili, pamoja na mlima. Njoo na siku nzima tuendeshe."

Watu wawili walipiga simu wakasema kwenye yadi kuna mengine ya 200. Wa tatu alikuja, akaendesha siku nzima, akanunua kwa bei ya chini kuliko tuliyotarajia. Kabla hajaondoka aliomba lile daftari. Binamu akampa.