Bima ya SHA na matibabu ya saratani

Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, isiyopungua shilingi 300.

Kwa saratani, mpango ulianza na kikomo cha shilingi 550,000 kwa mwaka: 400,000 za bima yenyewe, kisha 150,000 za hazina ya dharura na maradhi sugu. Kikomo ni cha nyumba nzima, si cha kila mgonjwa. Mama na mwana wakiugua pamoja, hugawana fungu moja. Likiisha kabla ya tiba, ndipo michango na kuuza shamba huanza. Basi muulize daktari mapema gharama ya tiba yote, si ya dozi ya kwanza pekee.