Alama ya Damu Katika Ngozi ya Mtoto

Miongoni mwa mambo ambayo mwanadamu huyaona kila siku akadhani kuwa ameyajua, alama ya kuzaliwa ni moja. Mtoto huzaliwa na baka jekundu shavuni au kisogoni, au hutokewa na kivimbe chekundu katika majuma yake ya kwanza, na kila aliye karibu huwa na la kusema. Katika Ulaya ya zamani ilisemwa kuwa mama alitamani tunda wakati wa mimba akalikosa, na tamaa yake ikajichora katika ngozi ya mwana; lugha ya Kifaransa ina neno moja kwa tamaa na kwa alama hiyo. Matabibu waliicheka imani hiyo, lakini wao nao walikaa zaidi ya miaka mia na kosa lao wenyewe: mambo mawili yaliyo mbali waliyaita kwa jina moja. Tarehe ya jinsi tiba ilivyojifunza kutazama ndani ya alama hizo ni tarehe ya gharama ya kosa hilo, na waliolipa sehemu kubwa ya gharama walikuwa watoto wachanga.

Jina lenyewe lilipata nguvu mjini Berlin. Rudolf Virchow, bingwa wa hadubini wa zama zake, alianza kutoa mwaka 1863 kazi yake kubwa juu ya vivimbe. Humo aliviweka vivimbe vya mishipa ya damu chini ya neno anjioma, akavigawa kwa sura: vya mishipa myembamba, vya mapango yaliyojaa damu, na vya mishipa minene iliyosokotana. Mgawanyo huo ulikuwa wa haki kwa jinsi mambo yalivyoonekana chini ya kioo. Haukujibu, hata hivyo, swali ambalo mzazi alitaka jibu lake kuliko yote: je, alama hii itakua, itabaki, au itakwisha?

Uhusiano baina ya alama ya nje na jambo la ndani ulionekana kwa akili kabla ya kuonekana kwa chombo. Mwaka 1879 William Allen Sturge aliwaonyesha matabibu wenzake wa London mtoto wa kike wa miaka sita na nusu. Mtoto huyo alikuwa na baka la rangi ya zambarau upande wa kulia wa uso, na kifafa kilichomshika upande wa kushoto wa mwili. Kwa kuwa kila upande wa ubongo huongoza upande wa pili wa mwili, Sturge alikata shauri kuwa baka mfano wa lile limo juu ya ubongo pia. Hoja yake ilikuwa imara, lakini fuvu lilikuwa ukuta, na hapakuwa na njia ya kuchungulia nyuma yake mgonjwa akiwa hai.

Njia ilifunguka tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei mjini Würzburg. Mwezi Januari 1896, Haschek na Lindenthal wa Vienna waliujaza mkono wa maiti mchanganyiko wenye chokaa na zebaki, wakaupiga picha kwa muda wa dakika 57, na mishipa ikaonekana kama matawi ya mti. Picha hiyo ilionyesha uwezo wa mionzi na mpaka wake pamoja. Damu na nyama hupitisha eksirei kwa kiasi karibu sawa, hata mshipa usionekane mpaka utiwe kitu cha kuzuia mionzi. Na kilichotiwa katika maiti hakingeweza kutiwa katika mtoto. Ndiyo sababu dhana ya Sturge ilingoja zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1922 Frederick Parkes Weber wa London alieleza ubongo ulioharibika kama ulivyoonekana katika picha za eksirei, na mwaka 1923 Vicente Dimitri wa Argentina alieleza mistari ya chokaa iliyofuata mikunjo ya ubongo. Hata hapo kilichoonekana kilikuwa kovu la ugonjwa, kwa maana chokaa hiyo kwa kawaida haijidhihirishi katika miezi ya kwanza ya maisha.

Mionzi iliyoshindwa kuonyesha alama za damu vema ilipewa kazi ya kuziondoa. Mwaka ule ule wa 1896, mjini Vienna, Leopold Freund aliielekeza eksirei katika mgongo wa mtoto wa kike mwenye alama ya kuzaliwa iliyoota nywele. Haikuwa alama ya damu, lakini tukio hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa matibabu kwa mionzi. Nywele zilianguka, na ngozi ikaingia kidonda. Baadaye ikaja radiamu, nayo ikaonekana kuwa dawa safi ya vivimbe vyekundu vya watoto: kivimbe kiliwekewa radiamu, miezi ikapita, kivimbe kikanywea. Katika hospitali ya Radiumhemmet ya Stockholm watoto zaidi ya 14,000 walitibiwa kwa mionzi kati ya mwaka 1920 na 1959. Göteborg watoto karibu 12,000 kati ya 1930 na 1965.

Matabibu hao hawakuwa wazembe. Waliona dawa ikitolewa na uvimbe ukipungua, wakaunganisha mambo hayo mawili kama mtu yeyote angaliunganisha. Lakini mwaka 1938 Mwingereza W. A. Lister alikuwa ameeleza habari za watoto makumi ambao aliwafuata mwaka baada ya mwaka, akaona kuwa vivimbe vile vilivyokua upesi baada ya kuzaliwa vilirudi nyuma vyenyewe pasipo kuguswa. Subira ingalifanya kazi iliyosifiwa radiamu. Onyo hilo lilisikika polepole. Miongo ikapita, na wachunguzi wa Sweden walipowafuatilia watoto wale waliokwisha kuwa watu wazima, waliona saratani ya matiti na ya tezi ya thairoidi imewapata zaidi ya ilivyotazamiwa. Mwaka 2004 ilichapishwa habari ya wanaume zaidi ya 3,000 waliotibiwa utotoni: wale ambao bongo zao zilipata mionzi mingi zaidi walifika shule ya juu kwa uchache kuliko wenzao. Kivimbe ambacho kingejiendea chenyewe kilikuwa kimeacha deni.

Kwa nini wengine walipona kwa kungoja na wengine hawakupona? Jibu lilitoka Boston mwaka 1982. John Mulliken na Julie Glowacki walichunguza utando wa ndani wa mishipa wakaona makundi mawili. Katika kundi la kwanza, ambalo waliliachia jina la hemanjioma, seli huzaana kwa kasi katika miezi ya mwanzo, kisha hutulia na kunywea. Katika kundi la pili seli ni tulivu. Kilichopo ni mishipa iliyoumbika vibaya tangu tumboni, nayo hukua pamoja na mtoto wala haiondoki. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maradhi hayo kilikubali mgawanyo huo mwaka 1996. Hapo vyombo vya kutazamia vilipata swali lililo wazi la kuulizwa.

Kilichojibu vizuri zaidi kilikuwa sauti. Christian Doppler alieleza mjini Prague mwaka 1842 kuwa mawimbi hubadilika chanzo chake kinapokaribia au kuondoka. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza picha za matumbo ya wanawake zilizofanywa kwa mwangwi wa sauti isiyosikika. Elimu hizo mbili zilipounganishwa, tabibu aliweza kuona damu ikienda, bila sindano wala mionzi, mtoto akiwa mapajani mwa mamaye. Hemanjioma inayokua huonekana kama nyama iliyoshikamana, yenye mishipa mingi na damu ya kasi. Mishipa ya vena iliyoumbika vibaya huonyesha damu ya polepole, na mifuko ya limfu haina mwendo ndani yake. Palipo na mbio za damu pasipo nyama, huenda ateri zimefunguka moja kwa moja katika vena.

Baadaye picha za sumaku, zilizoanzishwa na Paul Lauterbur mwaka 1973, zilionyesha kina cha jambo na jirani zake, ingawa humtaka mtoto atulie kabisa, na pengine alazwe usingizi. Kwa picha hizo dhana ya Sturge huthibitishwa leo mapema kuliko zamani. Hata hivyo hemanjioma nyingi hazihitaji picha yoyote: jicho lililofunzwa latosha. Picha hutafutwa kivimbe kikiwa chini sana na ngozi haina rangi. Vivimbe vikiwa vitano au zaidi, ini hutazamwa. Kikiwa kikubwa usoni, mishipa ya kichwa hutazamwa. Kikiwa katikati ya kiuno, uti wa mgongo hutazamwa.

Faida ya kutenganisha majina ilidhihirika mwaka 2008. Christine Léauté-Labrèze wa Bordeaux na wenzake walitangaza kuwa propranololi, dawa ya zamani ya moyo, hunywesha hemanjioma za watoto. Mishipa iliyoumbika vibaya haisikii dawa hiyo. Chini ya jina la Virchow dawa hiyo ingalijaribiwa kwa wote, ikasifiwa na mmoja na kulaumiwa na mwingine, na kila mmoja angalikuwa na mgonjwa wa kumtolea ushahidi.

Kwa hiyo si kweli kwamba mashine peke yake iliwatoa watoto hatarini. Mionzi ilikuwapo tangu 1895, na kwa muda mrefu ilitumika kuunguza kisichohitaji kuunguzwa. Lister hakuhitaji chombo kipya kufikia ukweli. Alihitaji kumwita mtoto yule yule mwakani akamtazame tena. Chombo kilianza kufaa pale wachunguzi walipokwisha kujua wanatafuta tofauti gani, nao wazazi wengi wakaanza kupewa jibu ambalo zamani halikuwa na mtu wa kulitoa kwa hakika: ngojeni, itakwisha yenyewe.