Wahaka wa Hadharani

Wahaka wa hadharani ni hangaiko la moyo na mwili linalompata mwanamuziki anapotarajia kuimba au kupiga ala mbele ya watu, hata kama amefanya mazoezi ya kutosha. Huweza kuanza siku kadhaa kabla ya onyesho, hupanda dakika za mwisho, na wakati mwingine humfuata mtu mpaka nyumbani kwake. Alama yake kuu ni kwamba uwezo upo. Asiyejiandaa ana sababu ya kuogopa, lakini mwenye wahaka huujua wimbo akiwa peke yake, ukampotea anaposikilizwa.

Jina linalosikika zaidi ni "hofu ya jukwaa". Wengine husema "woga wa jukwaani", na Wakongo waliosoma kwa Kifaransa huita "traki". Majina mawili ya kwanza yana kasoro. Woga ni tabia, na aitwaye mwoga ametukanwa. Mwanamuziki atakayeitwa hivyo ataficha tatizo lake badala ya kutafuta msaada. Hofu humtaka mtu awe na kitu cha kuogopa mbele yake, ilhali hangaiko hili huweza kuanza onyesho likiwa bado liko mbali. Neno wasiwasi linakaribia, ila ni pana mno, hutumika hata kwa shaka ya mlango uliosahauliwa wazi. Wahaka hutaja kutotulia kwa moyo unaongojea jambo, bila kumlaumu mwenye nao.

Sehemu ya pili ya istilahi, yaani hadhara, inaeleweka vizuri ukitazama Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, na milima ya Mulenge iliyo juu yake. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walianza kazi Uvira mwaka 1921, na kwaya za makanisa zimekuwa shule ya muziki kwa watu wengi wa huko. Humo mtoto hujifunza kutofautisha soprano, alto, tenori na besi, na humo hulelewa wapiga gita na kinanda ambao baadaye hulipwa kwenye arusi. Mara nyingi kwaya husimama sakafu ileile ya waumini, na mpiga gita wa arusi huketi pembeni mwa hema. Jukwaa halipo, lakini vidole vinatetemeka. Kinachovitetemesha ni masikio ya watu: wazee wa kanisa, jamaa, na wale watakaoamua kama mwanamuziki ataalikwa tena au la. Kwa anayekula kwa gita lake, kukosea mbele yao kunagusa heshima na chakula pamoja.

Wahaka huanza mtu anapoiona hadhara kama hatari. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, kinywa hukauka, viganja hutoa jasho na pumzi huwa fupi. Mwili umejiandaa kukimbia au kupigana, wakati kazi iliyopo inadai utulivu. Mwimbaji huishiwa pumzi katikati ya mstari, na mpiga fidla huona upinde ukirukaruka juu ya nyuzi. Kisha fikra hushika kasi: huanza kuchunguza kila noti ambayo vidole vilishazoea kuipiga vyenyewe, na kosa dogo huonekana kama aibu kuu.

Msisimko wenyewe si adui. Mwaka 1908 wanasaikolojia Yerkes na Dodson, kwa majaribio ya panya, walionyesha kwamba kiasi fulani cha msisimko husaidia, na kikizidi huharibu, hasa kazi ikiwa ngumu. Ukongwe pia si kinga. Mpiga selo Pablo Casals (1876–1973) aliishi na wahaka katika maisha yake yote ya muziki. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1988 kuhusu wanamuziki 2,212 wa okestra za Marekani, asilimia 24 walisema hali hii ni tatizo kwao.

Tiba huanza kwa kuizoea hadhara hatua kwa hatua: kuimba mbele ya mtu mmoja, kisha watano, kisha kusanyiko. Kuvuta pumzi polepole kutoka tumboni hutuliza moyo. Mshauri wa saikolojia humsaidia mtu kupima fikra kama "nikikosea nimekwisha" na kuziweka mahali pake. Dawa ya propranololi hupunguza mapigo ya moyo na mtetemeko, lakini haiondoi mawazo. Ni hatari kwa mwenye pumu, na haifai kutumiwa bila daktari. Pombe hulegeza vidole na huweza kuzaa utegemezi. Kiongozi wa kwaya naye ana sehemu yake: akirekebisha kosa kwa upole wakati wa mazoezi, mwimbaji hujifunza kwamba kukosea mbele ya watu kunavumilika, na hadhara huacha kuwa hatari.