Unataka Kuwa Afisa wa Wanamaji? Msikilize Kwanza Nahodha Looff

Wiki iliyopita mtoto wa mama yangu mdogo alinipigia simu. Amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo, na ameshajiamulia: anataka kuwa afisa wa jeshi la wanamaji. "Kaka, wewe ni mwandishi wa habari, unakutana na watu wengi. Hebu niambie, maisha ya afisa kwenye meli ya kivita yakoje?" Kwa mbali nikamsikia mama mdogo akidakia: "Mwambie ukweli wote, siyo nusu!"

Jamani, mimi si mwanajeshi. Sare pekee niliyowahi kuvaa ni ya skauti. Lakini napenda historia, na katika historia ya pwani yetu kuna meli moja inayoweza kumjibu dogo vizuri kuliko mimi. Nikamwahidi nitamwandikia. Nanyi wasomaji wangu nawashirikisha.

Ukienda Fort Jesus, Mombasa, utauona mzinga wa meli ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Nimewahi kusimama mbele yake. Watalii walikuwa wanapiga picha na kuondoka, mimi nikabaki najiuliza: mzinga wa baharini ulikwendaje kupigana nchi kavu? Jibu la swali hilo ndiyo jibu la dogo.

Tuanzie Ujerumani. Miaka ile kuwa afisa wa wanamaji kulikuwa na heshima kubwa. Chuo chao kipya, Mürwik, kilifunguliwa mwaka 1910 mjini Flensburg. Mafunzo yalikuwa ya miaka kadhaa, na familia ya kijana ilitakiwa kutoa fedha nyingi mfukoni, kwa hiyo mtoto wa mkulima wa kawaida hakuwa na nafasi kubwa. Na hata miongoni mwa maafisa kulikuwa na matabaka. Wale waliosomea kuongoza meli na kupiga mizinga walijiona wakubwa kuliko wale wa mashine kule chini. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914, ikiongozwa na nahodha Max Looff. Wenyeji wakaipa jina kutokana na walichokiona: manowari na bomba tatu. Mabomba yenyewe ni ya moshi. Ilikuwa na mizinga 10 na watu zaidi ya 300. Agosti mwaka huo yalikuwa yamepangwa maonyesho makubwa mjini, kusherehekea pia reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma. Fikiria afisa kijana wa meli ile alitegemea nini: sare nyeupe, gwaride, dansi usiku, barua kwa mchumba.

Badala yake ikaja vita. Tarehe 31 Julai Looff aling'oa nanga, na siku chache baadaye alikamata meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester, katika bahari ya upande wa Aden. Hapo ndipo tunapoona tatizo la kwanza la afisa wa wanamaji ambalo kwenye sinema halimo: makaa ya mawe. Manowari bila makaa ni chuma kinachoelea tu. Looff alichukua makaa ya meli ile, akaizamisha karibu na visiwa vya Kuria Muria, Oman, kisha akaanza kuhesabu tani zilizobaki kama mama wa nyumbani anavyohesabu unga mwisho wa mwezi. Mwanzoni mwa Septemba akaingia kujificha katika delta ya Rufiji.

Tarehe 20 Septemba alfajiri alitokea Zanzibar. Pale bandarini ilikuwepo manowari ya Waingereza, Pegasus, imesimama ikitengenezwa mashine. Ilipigwa mpaka ikazama, na mabaharia zaidi ya 30 walikufa. Baadhi yao wamelala kisiwani Chapwani mpaka leo. Huo ndio ushindi mkubwa wa Königsberg, na haukuchukua hata saa moja.

Saa moja! Sasa linganisha na kilichofuata. Injini ya Königsberg nayo ikaharibika. Meli ikarudi Rufiji, na kifaa kilichovunjika kikabebwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam kikatengenezwe. Kabla haijatoka, mwishoni mwa Oktoba Waingereza wakaigundua ilipo na kuziba njia. Kuanzia hapo ni miezi zaidi ya minane ya kukaa ndani ya mikoko.

Dogo, soma hapa mara mbili. Miezi minane ya joto, mbu, malaria na tope. Maji yanajaa, yanakupwa, meli iko palepale. Hakuna dansi. Afisa anaamka asubuhi anakagua wagonjwa, anagawa chakula, anaweka walinzi, anahakikisha mizinga inasafishwa ingawa haipigwi, anasuluhisha ugomvi wa watu waliochokana. Na yule fundi wa mashine aliyedharauliwa kule Ujerumani? Sasa kila mtu anamwangalia yeye, maana bila injini hakuna wa kwenda popote.

Mwaka 1915 Waingereza walileta meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya Brazil. Zenyewe ziliweza kupita kwenye maji mafupi. Walileta na ndege, zikarukia kisiwa cha Mafia kuelekeza mizinga. Tarehe 6 Julai walishindwa. Tarehe 11 Julai wakarudi, na safari hii shabaha ikakaa. Wajerumani 19 walikufa, na nahodha Looff mwenyewe akajeruhiwa. Meli ilipokuwa inaungua ndipo ikatolewa amri nzito kuliko zote: ilipueni wenyewe. Watu waliofundishwa miaka kuitunza meli wakachukua vichwa vya topido na kuizamisha kwa mikono yao.

Unadhani kazi iliishia hapo? Mizinga yote 10 ilitolewa kwenye mabaki, ikafungwa magurudumu, ikatawanywa katika koloni. Mabaharia wakawa askari wa miguu. Looff akatembea porini mpaka Novemba 1917, alipoangukia mikononi mwa Waingereza kusini mwa nchi yetu.

Na mizinga hiyo ilivutwa na nani? Na babu zetu. Wapagazi kwa mamia, kamba mabegani, kwenye mchanga na matope, kwa vita isiyowahusu. Vitabu vinamtaja Looff kwa jina, cheo na nishani. Wapagazi vinawataja kwa idadi. Hili nalo ni sehemu ya ukweli wote aliouomba mama mdogo: amri ya afisa huwa ina mgongo wa mtu chini yake.

Mzinga mmoja ulikwenda mpaka Ziwa Tanganyika, ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani walipokimbia Kigoma waliizamisha pia. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mashine grisi nzito ili isile kutu. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Jina hilo ni Liemba! Meli iliyobeba mama zetu, dagaa zao na magunia yao kwa miongo mingi, iliokolewa na grisi ya watu waliokuwa wanashindwa vita.

Basi mdogo wangu, majibu yangu ni haya. Kwanza, utangoja sana na kupigana kidogo, pengine usipigane kabisa, na uombe iwe hivyo. Pili, utahesabu: mafuta, maji, chakula, vipuri. Kama hesabu zinakuchosha, fikiria upya. Tatu, usimdharau fundi. Nne, wale walio chini yako ni watu wenye majina, yajue. Na tano, ipo siku utatakiwa kuachia kitu ulichokipenda. Hapo tutajua kama ulipaka grisi.

Nilimsomea yote haya kwenye simu juzi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, bado nataka." Mama mdogo akachukua simu. "Umemwambia ukweli wote?" Nikamjibu, "Wote, mama." Akavuta pumzi. "Basi aende akapime afya."

Kila la heri, dogo. Wasomaji, mwenye babu aliyemsimulia habari za manowari na bomba tatu, naomba atusimulie.