Kwato na Nyumba ya Ng'ombe Kaskazini mwa Ziwa Nyasa
Katika tambarare ya Kyela farasi hakupata kuwa mnyama wa kawaida, kwa kuwa ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi, uliwaua wengi walioletwa katika nchi za joto na unyevu; hivyo maradhi yanayowalemaza farasi, yaani kuvimba kwa tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya kwato, ambayo humfanya mnyama aegemee nyuma ili kuzipunguzia uzito kwato za mbele, hayana nafasi katika historia ya tambarare hiyo. Aliyetazamwa miguu huko ni ng'ombe.

Wanyakyusa, wenyeji wa huko, ambao mvumbuzi Joseph Thomson alipita kwao mwaka 1879 na kuvisifu vijiji vyao, walilaza ng'ombe ndani ya nyumba walimolala wenyewe, kila mmoja akifungwa mahali pake, na samadi ikatolewa kurutubisha migomba. Desturi hiyo, ambayo mgeni angeiona ya ajabu, ilikuwa na faida ya kitabibu, kwani Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, na kwato inayoshinda katika tope hulainika, hupasuka na hatimaye kuoza. Uchungaji ulikuwa kazi ya wavulana, ambao baadaye walijijengea vijiji vya rika lao huku wakiendelea kuchunga ng'ombe wa baba zao, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1930.

Kuwalaza ng'ombe ndani, hata hivyo, hakukuwa kinga dhidi ya sotoka, ugonjwa wa virusi ulioangamiza mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ambao ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.