Nani Analipia Safari ya Mbolea hadi Ngara?

Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,200. Ukiifuatilia historia ya ruzuku ya kilimo katika wilaya hii na jirani yake Biharamulo, kila kipindi unakuta swali lilelile: gharama ya safari hiyo ni ya nani?

Miaka ya 1970 serikali ilijibu kwamba ni yake. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza uzalishaji, na bei ikawa moja nchi nzima, kwa hiyo mkulima wa Rulenge alipangiwa kulipa sawa na mwenzake wa Korogwe. Mbolea ilichelewa mara nyingi, lakini msingi wa sera ile naona ulikuwa wa haki. Hakuna aliyechagua kuzaliwa mbali na bandari. Kisha yakaja marekebisho ya uchumi. Kiwanda kilifungwa mwaka 1991, ruzuku ikapunguzwa msimu baada ya msimu, na kufikia 1994/95 haikuwapo tena.

Wakati huohuo Ngara ilielemewa na jambo kubwa zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo ndani ya saa 24, wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima, wakapiga kambi Benaco. Misitu ilikatwa kwa kuni, na mashamba yaliyo karibu na kambi yakaibiwa mazao. Hata hivyo bei ya ndizi na maharage ilipanda, na wenyeji wenye ardhi ya kutosha wakapata vibarua wa ujira mdogo, wakapanua mashamba. Aliyekuwa akiishi kwa kibarua ndiye aliyeumia, maana ujira wake ulishuka. Kufikia Desemba 1996 wakimbizi wengi walirudishwa kwao, na soko lile likaondoka nao.

Kwenye ruzuku, serikali ilirudi taratibu. Mwaka 2003 ilianza kufidia usafirishaji wa mbolea, ikaanzia Nyanda za Juu Kusini. Msimu wa 2008/09 zikaja vocha, zilizobeba karibu nusu ya bei ya mbolea na mbegu za ekari moja, na wanufaika wakapendekezwa na kamati za vijiji. Mbegu zenyewe zilikuwa za mahindi au mpunga. Kwa kaya inayotegemea migomba, maharage na mihogo, kifurushi hicho kilipangwa na mtu anayefikiria shamba la mahali pengine. Tena, maskini asiye na fedha ya kujazia nusu iliyobaki alibaki na karatasi tu mkononi.

Ruzuku iliyozinduliwa Mbeya Agosti 2022, baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei, iliyahusu mazao yote. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150, na mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP au urea ukatangazwa kuuzwa shilingi 70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa na kupewa namba. Kwa Ngara na Biharamulo hilo lilikuwa kurejea kwa wazo la bei moja. Lakini bei hiyo iliishia dukani kwa wakala. Kutoka hapo hadi kijijini ndani kabisa, huko Murusagamba au Kalenge, mfuko ulipanda bodaboda, na nauli bado aliilipa mkulima.