Mtemi Mmoja katika Daftari: Wanawake na Makabila Madogo katika Historia ya Uwakilishi Singida

Linapozungumzwa suala la uchache wa wanawake na wa makabila madogo katika vyombo vya uamuzi, wako ndugu zetu ambao jibu lao ni moja tu: mila. Husema mila hazimruhusu mwanamke kuongoza, na kwamba Wahadzabe wenyewe hawapendi mambo ya serikali. Sisi tunaona kuwa jibu hilo ni jepesi mno, na kwa Mkoa wa Singida halilingani na historia.

Tuchukue Unyisanzu, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Mkalama. Wanyisanzu huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kabla ya ukoloni, uongozi wa Kirumi ulikuwa mikononi mwa watu wawili wa ukoo wa Anyampanda, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kazi yao kubwa ilikuwa mvua, na katika nchi kame kama ile, mwenye mvua ndiye mwenye nchi. Mmoja hakuweza kuileta bila mwenzake. Hatudai kwamba huo ulikuwa usawa kamili. Tunachosema ni kwamba mamlaka yenyewe hayakuwa na jinsi moja.

Wajerumani walipojenga boma Mkalama, walitaka mtu wa kukusanya kodi na kutoa vibarua, na mtu huyo kwao hakuweza kuwa mwanamke. Waingereza nao, walipoanzisha utawala wa kupitia kwa watemi katika miaka ya 1920, waliandika katika daftari mtemi mmoja, mwenye mshahara mmoja. Kodi, baraza na mahakama vikawa vya mwanamume. Mwanamke akaachiwa mvua, ambayo mkoloni aliiona ni ushirikina. Kile tunachokiita leo "mila" kwa sehemu kubwa ni kazi ya karani wa boma.

Mwaka 1963 serikali huru ilifuta utemi. Hatua hiyo ilikuwa ya haki, lakini haikumrudisha yule wa pili. Nafasi zilizoachwa wazi zilichukuliwa na waliojua kusoma na waliozoea kusema na maofisa, nao kwa kawaida walikuwa wanaume. Mwalimu Nyerere hakulificha tatizo hili: katika "Ujamaa Vijijini" ya mwaka 1967 aliitaja hali duni ya mwanamke kuwa kasoro ya jamii yetu ya asili. Hata hivyo Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilipohesabu watu, ilihesabu kaya, na mkuu wa kaya kwa desturi alikuwa baba.

Sheria hiyohiyo inatupeleka kwa Wahadzabe, kwa kuwa kijiji kiliandikishwa kwa kuwa na kaya zisizopungua 250. Wahadzabe wote ni watu wapatao elfu moja na kitu, wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi kuzunguka Ziwa Eyasi. Mipaka ya utawala imewagawa katika mikoa kadhaa, Singida ikiwa mmojawapo. Mwaka 1964 serikali ilijaribu kuwakalisha pamoja Yaeda Chini. Wengi waliugua, na waliobaki wakarudi porini. Kule Munguli, upande wa Mkalama, wanaishi pamoja na wakulima na wafugaji waliowazidi kwa idadi. Kundi lililokatwa vipandevipande namna hiyo haliwezi kupata diwani kwa wingi wa kura, sembuse mbunge.

Kwa wanawake, taifa lilichukua hatua. Mwaka 1985 vilitengwa viti 15 bungeni, na tangu hapo idadi imekuwa ikiongezwa. Lakini tutazame majimbo: mwaka 1995 wanawake walioshinda majimboni nchi nzima walikuwa 8, na mwaka 2015 walikuwa 25 kati ya majimbo 264. Tangu Machi 2021 Rais wa Jamhuri ni mwanamke. Hapo Singida mjini, uwanja wa mpira uliokuwa ukiitwa Namfua sasa unaitwa Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi yanasema aliwapiga Wajerumani kwa nyuki. Kuupa uwanja jina lake ni rahisi kuliko kumpa binti wa Kinyaturu jimbo.

Kwa makabila madogo hakuna hatua inayolingana na hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka itungwe sheria ya kuwawakilisha. Sisi tulichagua njia nyingine: baada ya sensa ya mwaka 1967 hatuulizani kabila, na njia hiyo imetuepusha na balaa kubwa. Hatupendekezi iachwe. Lakini tukubali gharama yake, na anayeilipa. Mwanamke wa Kihadzabe wa Munguli, katika hesabu ya viti maalum ni mwanamke tu. Katika sensa ni Mtanzania tu. Na katika mkutano wa kijiji, unapojadiliwa msitu anakochimba mizizi, yeye ni kura moja mbele ya kura za wanaotaka ufyekwe.